Namna ya Kumpa Kijana Riwaya Akaimaliza

Kila Jumamosi baada ya laasiri natandika mkeka barazani kwangu, Majengo, hapa Mombasa, naweka birika la chai ya tangawizi pembeni, kisha natoa nje sanduku la mbao lenye vitabu kama 60. Watoto wa mtaa huja kuazima. Walio wengi wana miaka 12 hadi 18. Baadhi huja kwa hiari yao, baadhi husukumwa na mama zao. Kwa miaka niliyokaa na sanduku hili nimeona kwamba kijana anayesemwa hapendi kusoma, mara nyingi hajapata kupewa kitabu na mtu anayemjua. Vyote alivyopewa vilikuwa vya mtihani, au vya mtu mzima aliyependezwa na mafunzo yaliyomo. Basi hapa naeleza nifanyavyo mimi, hatua kwa hatua, ili mzazi, mwalimu au dada mkubwa mwenye rafu moja tu ya vitabu naye aweze.

Hatua ya 1: Jua riwaya ya vijana ni kitu gani

Wengi hudhani ni kitabu cha watoto kilichorefushwa. Ukiingia dukani na dhana hiyo utatoka na kitabu ambacho kijana wa miaka 15 atakishika kwa ncha za vidole. Riwaya ya vijana ina mhusika wa umri huo, na yanayomfika yamfika kwa mara ya kwanza: mara ya kwanza kumficha mamake jambo kubwa, kupenda, kuzika mtu, kugundua kwamba babake naye huogopa. Na msimulizi hukaa karibu na macho ya kijana huyo. Hajui bado mambo yataishia wapi. Mzee anayekumbuka ujana wake kwa mbali aweza kuandika riwaya nzuri sana, lakini kijana huihisi kuwa ni ya mzee.

Huko Marekani, riwaya inayotajwa mno kuwa ilifungua njia ya aina hii ni The Outsiders, iliyotoka 1967. Mwandishi wake, S. E. Hinton, alianza kuiandika akiwa na miaka 15, bado yuko shule, na ilipochapishwa alikuwa na miaka 18. Kila nikichagua kitabu namkumbuka msichana yule. Aliandika kwa sababu hakuona kitabu kilichowasema rafiki zake kama walivyo.

Sisi Pwani tuna desturi kongwe ya kumwandikia kijana, lakini ni desturi ya wasia. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na hadi leo twausoma kwa heshima. Wasia una mahali pake. Riwaya ni jambo jingine, na ukimpa kijana riwaya huku moyoni wampa wasia, atanusa kabla hajafungua jalada.

Hatua ya 2: Soma mwenyewe, mpaka ukurasa wa mwisho

Hii ndiyo hatua ambayo watu hupenda kuiruka, na mimi niliiruka mara moja nikajuta. Nilimwazima binti wa miaka 13 riwaya niliyoisoma nusu. Nusu ile ilikuwa ya shule, urafiki na safari ya gari moshi, nikaona itamfaa. Sikujua kwamba sura ya 11 ni kifo cha mama, wodini, kimeelezwa kwa utaratibu tangu usiku hadi alfajiri. Yule binti alikuwa amefiwa na mamake miezi saba kabla yake, na msiba wenyewe mimi nilihudhuria. Kitabu kilirudishwa na shangaziye, kimefungwa kwenye leso. Hakunisema vibaya. Aliniuliza neno moja tu: "Ulikisoma?"

Tangu siku hiyo sitoi kitabu ambacho sijakimaliza. Nasoma na penseli mkononi na vipande vya karatasi nilivyokata, na nachomeka karatasi mahali panne. Pa kwanza ni pale hadithi iliponishika. Kama ni ukurasa wa 50, lazima nimwambie kijana mapema kwamba avumilie hadi hapo. Pa pili ni pale nilipochoka. Pa tatu ni pale ambapo mzazi angeniuliza swali. Pa nne ni ukurasa mmoja unaofaa kusomwa kwa sauti. Nikimaliza, nachukua daftari langu na kuandika mistari mitano kuhusu kitabu hicho siku hiyo hiyo, kwa maana baada ya wiki mbili visa vyaanza kuchanganyika kichwani.

Ninaposoma natazama mambo mawili zaidi ya yote.

Kwanza, nani anaamua? Kuna riwaya nyingi ambazo kijana hupata taabu sura kumi, kisha anatokea mjomba tajiri, au mwalimu mwema, au askari, mambo yote yakatengenea. Msomaji wa miaka 14 huona kama ameporwa. Alimfuata mhusika akitaka kuona atajitoaje, na mwandishi akamkabidhi mtu mzima usukani. Nikikuta hivyo kitabu nakirudisha rafuni, hata kama lugha yake ni tamu kama halua. Kijana wa kwenye hadithi akosee, aumie, aombe msaada akitaka, lakini ile hatua kubwa aichukue mwenyewe.

Pili, wanasemaje? Chukua mahali ambapo vijana wawili wanazungumza, usome kwa sauti. Ukikuta, "Ewe rafiki yangu mpendwa, hebu tujitahidi masomoni tuje tulifae taifa letu," ujue mwandishi hajasikiliza watoto wakishuka matatu. Mtoto wa Mombasa ana sikio kali kwa mambo haya. Amelelewa na watu wanaotaniana kwa mafumbo tangu asubuhi. Mpe wahusika wanaosema, "We, twende. Feri yaondoka," na kimya baada ya hapo, kwa sababu mmoja wao hataki kwenda na mwingine ameshajua. Hapo atasoma.

Hatua ya 3: Mjue kijana kabla hujagusa rafu

Swali "wapenda vitabu gani?" halifai. Asiyesoma hana jibu, na anayesoma atakwambia lile anafikiri wataka kulisikia. Mimi huuliza hivi: "Wiki hii umemsimulia mtu kisa gani?"

Kijana mmoja wa Kisauni, miaka 15, aliletwa na mamake akiwa amenuna. Aliniambia wazi kwamba vitabu havimwingii. Nikamuuliza swali langu. Akafikiri, kisha akaanza kunieleza jinsi simu ya ami yake ilivyopotea pale Likoni, na jinsi yeye na binamuye walivyomjua aliyeichukua: nani alikuwa amesimama upande gani wa feri, nani alishuka wa kwanza ilhali kwa kawaida hushuka mwisho, nani alinunua viatu siku ya tatu. Alisimulia nusu saa nzima, chai ikapoa. Mamake akastaajabu, maana nyumbani hasemi.

Huyo ni mpelelezi. Nikampa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka 1960, ambamo Bwana Msa na kiko chake anachunguza mauaji huko Unguja. Si kitabu cha vijana kwa maana niliyoeleza hapo juu, na Kiswahili chake ni cha zamani. Lakini kijana huyu hakuwa akitafuta mtu wa rika lake, alikuwa akitafuta fumbo. Nikampa sharti: ukishamjua muuaji, simama, andika jina kwenye karatasi, kisha endelea. Jumamosi iliyofuata alinigongea mlango kabla hata ya adhana ya laasiri. "Shangazi, usiniambie! Nishamjua." Alikuwa amekosea, na kule kukosea kulimfurahisha kuliko kupatia. Akauliza kama Bwana Msa ana visa vingine. Anavyo, na vilimchukua likizo yote ya Agosti.

Baada ya swali hilo kubwa, natafuta madogo. Anasoma saa ngapi? Mwenye shule, madrasa na tuisheni hana saa nzima. Ana dakika 20 ndani ya matatu au kabla ya kulala, na atafaidika na riwaya yenye sura fupi au mkusanyiko wa hadithi fupi. Wakati wa Ramadhani mambo hugeuka. Kile kipindi kati ya laasiri na magharibi ni kirefu, njaa inauma, na hapo ndipo vijana wangu humaliza vitabu vinene. Natoa vile vya kurasa 300 wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Je, nyumbani ana mahali pa kukaa peke yake? Kama hana, asipewe kitabu kinachomlazimu kurudi nyuma kila mara kuangalia majina ya watu. Na je, kuna jambo limempata karibuni? Hili waulize watu wake, usimuulize yeye.

Hatua ya 4: Chagua lugha pamoja naye

Hapa Mombasa tuna dhana kwamba Kiswahili kitakuwa chepesi kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani. Haiwi hivyo kila mara. Kijana aliyesoma shule za Kiingereza tangu chekechea huzungumza Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, safi kabisa, lakini ukurasa uliosheheni methali na misamiati ya insha humchosha. Mwingine Kiingereza humfunga ulimi, akishika Kiswahili anateleza. Mpe ukurasa mmoja wa kila lugha, umwache asome kimya huku wewe ukimimina chai. Mwambie akunje kidole kila akikutana na neno lililomkwamisha. Vidole vitano vikikunjika kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho kingoje mwaka mmoja.

Vitabu ninavyoanzia

Siwezi kuorodhesha sanduku zima, lakini kuna vitano ambavyo hutoka na kurudi vikiwa vimechakaa, na kila kimoja nakitoa kwa mtu wa namna fulani.

Mtoto wa mjini anayedhani hakuna kitabu kinachomjua yeye, nampa The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber. Kimeandikwa kwa Kiingereza na kilitoka 2021. Ni cha Mombasa yetu hii. Aisha, msichana wa Kihadhrami, yaani mwenye asili ya Hadhramaut huko Yemen, anaingia baharini kumtafuta babake mvuvi, ndani ya mashua ya mifupa, akiwa na paka anayezungumza. Mwaka 2022 kilipata Tuzo ya Ursula K. Le Guin, ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa. Kiingereza chake ni kizito, kina picha juu ya picha, kwa hivyo nakitoa kwa wenye miaka 15 na zaidi, au kwa mdogo mwenye uchu. Sijaona kitabu kinachofanya vijana wa hapa wainue uso na kutazama paka wa mtaani kwa jicho jingine kama hiki.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, naitoa kwa yule asiye na mzazi mmoja, au mwenye swali kuhusu babake ambalo nyumbani halijibiwi. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda hadi Kitale kumtafuta babake. Jina lake huwachekesha wa kwetu, maana Kongowea kwao ni sokoni, mahali pa nyanya na mitumba. Wakishacheka wameshaingia. Iliwahi kuwa kitabu teule shuleni, na kwa bahati mbaya wapo watu wazima wanaoikumbuka kwa maswali ya mtihani tu. Irudieni bila penseli nyekundu.

Wapenda filamu za anga za juu hushangaa nikiwaambia kuna Kiswahili chao. Katama Mkangi, mtu wa Pwani hii, alitoa Walenisi mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, na chombo kinamfikisha kwa watu wanaoishi namna nyingine kabisa. Likate jina hilo vipande uone: wale ni sisi. Nampa mwenye miaka 16 aliyeanza kubishana na wakubwa kuhusu siasa. Walio chini ya hapo huchoka na mijadala yake, na siwalazimishi.

Wakubwa zaidi, wa 17 na 18, nawawekea viwili. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya 1999, ina Yasmin, msichana aliyeozwa mume aliyemzidi umri kwa mbali, akakimbia, katika Unguja ya wakati wa Mwingereza. Amil Shivji aliitengeneza filamu mwaka 2021, na nimeona inafaa kijana asome kwanza, kisha atazame, kisha aje agombane na filamu. Kingine ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994. Mwaka 2021 Gurnah alipewa Tuzo ya Nobeli, na 2022 ikatoka tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na mfanyabiashara ambaye yeye amdhani kuwa ni ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake. Umri wa mhusika usikudanganye ukampa mtoto wa miaka 12. Yaliyomo yanataka mtu aliyekomaa kidogo.

Ukitaka kupanua zaidi ya hapa, tafuta vitabu vilivyowahi kushinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza 1974, upande wa vijana. Tuzo haikuhakikishii kwamba kijana wako atakipenda. Inakuhakikishia tu kwamba watu wameketi wakakisoma.

Hatua ya 5: Zungumza na mama kabla hajazungumza nawe

Riwaya za vijana zina mapenzi, ulevi, vipigo, vifo, wazazi wanaokosea. Haziwezi kukosa, kwa kuwa vijana wanayaona hayo mtaani na majumbani. Mtu akijaribu kuchuja yote hubaki na kitabu kisicho na uhai. Lakini kumpa mtoto wa watu kitabu kwa kificho ni kuvunja amana, na amana ikivunjika sanduku lako limekwisha.

Ninachofanya ni kumwambia mzazi mapema, kwa maneno ya wazi: "Mama, kitabu hiki kina binti anayekimbia ndoa. Kuna mahali mumewe anamlazimisha, hakuelezwi kwa urefu. Mwisho wake si wa furaha wala wa huzuni. Mimi naona bintiyo yu tayari. Wewe waonaje?" Mara nyingi mzazi hukubali, kwa sababu ameulizwa. Akikataa, sibishani naye mbele ya mtoto. Namwomba akichukue yeye akisome. Nina akina mama watatu walioanza hivyo, na mmoja amekaa na kitabu tangu mfungo mosi, kila nikimkumbusha anasema bado yuko nacho.

Tofauti ninayowaelezea ni hii: kitabu kinachoonyesha ubaya na kile kinachoutukuza si kimoja. Tazama mwandishi amemweka wapi yule anayeumia. Kama maumivu yake tunayahisi, kitabu kinafanya kazi. Kama anapita tu kama pambo, ili wengine waonekane mashujaa, basi kuna tatizo hata kama hakuna tusi hata moja ndani yake. Na hukumu za watu hubadilika. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka 1971 ilizuiwa katika shule za Tanzania, na baadaye ikaja kusomeshwa humo humo.

Hatua ya 6: Sema sentensi tatu, unyamaze

Mtu akikipenda kitabu humwaga kisa chote. Jizuie. Taja mtu, taja taabu yake, taja mahali, kisha mkabidhi kijana kitabu. Nikitoa kile cha Aisha husema: "Babake hajarudi kutoka baharini. Watu wazima wameshakata tamaa. Yeye amepanda mashua ya mifupa, na paka ndiye anayezungumza naye." Basi. Mkono wa kijana huwa umeshanyoshwa.

Maneno "kitakufundisha" yasikutoke. Wala "ukikimaliza nitakuuliza maswali." Wala "mwenzio fulani alikisoma siku mbili."

Toa vitabu viwili, usimchagulie wewe, achague mwenyewe kati ya hivyo. Kile alichokichagua ni chake. Na mpe haki ya kukiacha. Kwangu desturi ni ukurasa wa 40. Ukifika hapo hujali yatakayompata mhusika, rudisha, hakuna atakayekuuliza. Tangu nilipoweka desturi hiyo vitabu vinavyomalizwa vimeongezeka. Kijana asiyehofu kukwama huthubutu kuanza.

Hatua ya 7: Pata vitabu, na uvilinde na hewa ya bahari

Maktaba ya umma iliyoko Msanifu Kombo ndipo pa kuanzia kwa asiye na fedha. Nenda na kijana mwenyewe, aione, ajiandikishe kwa jina lake. Wauza vitabu vya mitumba mjini huwa na riwaya za Kiingereza kwa bei nafuu, ila ufungue kila kitabu pale pale uhesabu kurasa za mwisho, kwa sababu hakuna huzuni kama ya kijana aliyefika mwisho akakuta umechanika. Za Kiswahili ni adimu zaidi kwenye mitumba; hizo nanunua mpya, kimoja kimoja, na naomba jamaa wanaokwenda Unguja au Dar es Salaam waniletee za huko.

Daftari la kuazima liwe na safu nne tu: jina, kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Sitozi faini. Mwenye kukawia namtumia salamu kwa mdogo wake.

Unyevu wa mji huu hula vitabu. Usiviegemeze kwenye ukuta, hasa ukuta wa matumbawe wa nyumba za kale, kwa sababu hutoa maji wakati wa mvua za masika. Vifunike kwa karatasi ya kaki au gazeti, visimame bila kubanana, na siku ya jua kali vifungue kivulini upepo uvipitie. Juani kurasa hukauka zikakunjamana. Mimi huweka karafuu chache sandukuni, kama tuwekavyo kwenye nguo. Wadudu hupungua, na kitabu kikifunguliwa kina harufu ya nyumbani.

Hatua ya 8: Kikirudi, sikiliza

Kijana akirudisha kitabu usimuulize dhamira wala mbinu za lugha. Hayo anayafanya shuleni. Muulize: "Nani alikukera?" Kila msomaji ana mtu aliyemkera, na akianza kumlaumu huyo, utayasikia maoni yake yote juu ya haki, mapenzi na uongo, bila kumsukuma. Swali la pili, kama lipo haja: "Wewe pale ungefanyaje?" Kisha kaa kimya hata kama amekosea jina la mhusika.

Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu nimebandika karatasi. Aliyemaliza anaandika sentensi moja kwa atakayekuja nyuma yake, bila jina. Wanaandika kwa lugha wanayotaka. Kwenye Siku Njema kuna aliyeandika: "Usisome ndani ya feri, utapitiliza." Sasa wapo wanaokuja na kusoma hizo karatasi kwanza, kabla ya kunisikiliza mimi, na wanafanya vyema. Kijana humwamini kijana.

Yule binti wa kitabu cha leso alikaa mwaka na miezi bila kuja. Nilikuwa nikimwona akipita kwenda madrasa, tunaamkiana, basi. Jumamosi moja akaja, akaketi pembeni ya mkeka, akanywa chai yake yote, kisha akasema, "Shangazi, kile kitabu bado unacho?" Nikamwambia ninacho, na kwamba safari hii nimekisoma chote. Nikamweleza kilichomo sura ya 11, waziwazi, na kwamba baada yake kuna sura nyingine sita. Akasema anataka kujua huyo msichana alifanya nini baadaye.

Alikirudisha baada ya wiki tatu. Sikumuuliza nani alimkera. Alipokwenda zake nilifungua jalada la nyuma, nikakuta mwandiko wake mdogo kwenye karatasi: "Sura ya 11 isome mchana, na mtu unayempenda awe karibu. Usiishie hapo."